Kabla ya kuitisha kikao cha wazazi, tazama mwezi

Kocha wa mpira wa watoto anayeishi kandokando ya Ziwa Victoria lazima ajue mwezi umefika wapi. Nasema mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza: wavuvi wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga, wanazungushiwa nyavu. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola, lakini kazi ni ile ile. Mbalamwezi ikiwaka, taa ya mvuvi inakosa nguvu, mitumbwi inapumzika ufukweni, na wanaume wanarudi nyumbani kulala usiku kama watu wengine.

Sasa weka kikao cha wazazi katikati ya giza uone. Baba yuko kisiwani, au amerudi alfajiri na amelala fofofo. Mama yuko mchangani anaanika dagaa, anageuza, anafukuza ndege, wingu likitokea anakimbilia turubai. Watakuja wazazi watatu: mwalimu mstaafu, mwenye duka la vifaa vya simu, na yule mama ambaye hakosi kikao cha jambo lolote mtaani. Hao watatu watapitisha mchango wa jezi, na wiki inayofuata wazazi wengine wote watasema hawakushirikishwa. Kocha naye atasema wazazi wa huku hawajali watoto wao. Maneno hayo nimeyasikia kwa makocha wengi, wengine wenye leseni nzuri za ukocha za CAF, na siyakubali.

Aliyenifundisha habari ya mwezi ni kocha mzee aliyenitangulia uwanjani. Aliniona nimekaa na daftari langu nasubiri watu, akacheka, akasema, "Subiri upevuke, ndipo uwaite." Tukawaita mwezi ukiwa mpevu, saa kumi na moja jioni, pale pale uwanjani. Mabenchi tuliyoazima kanisani hayakutosha. Walikuja kina baba niliokuwa nawafahamu kwa sauti ya simu tu, wengine wamekuja na vijana wao wa mtumbwini.

Lakini kuna la kuangalia hapo. Mbalamwezi ni wakati mfuko umekauka. Kwa hiyo kikao cha mbalamwezi hakidai hela. Tunazungumza, tunapanga, tunapatana kiasi cha mchango na tarehe. Kukusanya kunasubiri giza lirudi na dagaa washuke tena. Ukiyachanganya hayo mawili, kikao kinakuwa cha madeni, na mwenye deni utamwona akipita njia ya nyuma ya uwanja miezi yote inayobaki.

Nafundisha watoto wa chini ya miaka 13 na wa chini ya miaka 15, upande wa Ilemela, Mwanza, kwenye uwanja wa vumbi wenye goli moja la chuma na jingine la miti. Wazazi wengi ni watu wa ziwa: wavuvi, wachuuzi wa soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba, wabeba mizigo, mafundi wa injini. Wapo waendesha bodaboda, mama lishe, na wachache walioajiriwa. Watoto wenyewe walianzisha utani wa kuwaita wazazi kwa namba za jezi: Mama Kipa, Baba Namba Tisa, Bibi Winga. Utani ukazoeleka, hata wazazi wakawa wanaitana hivyo. Nami nitawaita hivyo hivyo hapa. Majina yao halisi ni yao.

Mtoto akija uwanjani mara ya kwanza tunamruhusu afanye mazoezi, ila hatumwandiki. Kuandikwa kunasubiri nifike kwao. Siendi na fomu mkononi. Nakwenda kusalimia. "Mwadila, mayu," nikikuta nyumba ya Wasukuma, na hapo salamu haiishi kwa neno moja. Utaulizwa wa nyumbani kwako, wazazi wako, mvua ya kwenu. Jibu yote. Kaa kwenye kigoda ulichopewa. Mpira utazungumzwa kwa dakika chache za mwisho, na zinatosha.

Faida kubwa ya kwenda ni kujua nani ndiye mwenye mtoto. Mara nyingi mwenye uamuzi siye aliyemzaa. Ni bibi, ni mjomba, ni shangazi, ni kaka mkubwa anayenunua madaftari. Baba wa winga wetu wa kulia alikuwa kambini visiwani, na kwenye simu alikubali mara moja: "Kocha, mchukue kabisa, huyo ni wako." Mtoto akaja mara mbili, akapotea. Kumbe nyumbani yuko bibi yake, na saa kumi jioni, saa ya mazoezi, ndiyo saa ambayo kijana huyo huchota maji. Bibi hakuulizwa na yeyote. Nilipofika hakuwa na ubishi wowote wa mpira. Alitaka kujua jambo moja: atarudi saa ngapi. Nikamwambia kabla ya saa kumi na mbili. Maji akachota kaka yake mdogo, kwa malipo ya mandazi ambayo sikuyahoji. "Akichelewa," bibi akasema, "nitakuja mwenyewe hapo uwanjani." Na siku moja alikuja kweli, na fimbo yake. Sijawahi kuona watoto wakikusanya koni kwa kasi ile.

Ukiwasikiliza wazazi kwa muda mrefu utagundua kwamba maswali yao machache sana ni ya mpira. Atarudi saa ngapi? Amekula nini? Yuko na nani? Hela niliyotoa imefanya nini? Mzazi anayekuja Jumamosi kupiga kelele kwamba mwanawe hapewi namba, yaani nafasi ya kucheza, mara nyingi ana mojawapo ya hayo ambalo halikujibiwa siku za kazi. Kelele za namba ndizo zinazosikika kwa sababu ndizo zinazoruhusiwa uwanjani. Ndiyo maana makocha wanaojitahidi kumweleza mzazi mbinu na mifumo wanachoka bure. Mzazi anatikisa kichwa, anarudi nyumbani na swali lake lile lile.

Mfano ni habari ya kuoga ziwani. Watoto wakimaliza mazoezi wana jasho na vumbi, na ziwa liko hapo chini. Mama Namba Sita alinifuata akiwa amekasirika: mwanawe analalamika tumbo, choo kina damu, na zahanati wamesema ni kichocho. "Kocha, ni mpira ndio unaomwogesha ziwani?" Kwa haki kabisa, mtoto wa huku anaingia ziwani hata bila mpira. Anatumwa maji huko, anafua huko, anajifunza kuogelea huko kabla hajajua kusoma. Vijidudu vya kichocho vinatoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi. Hata usipokunywa maji, kusimama tu kwenye kina kifupi kunatosha. Kama ningetangaza marufuku uwanjani, ingeishia uwanjani.

Kwa hiyo nilimwomba Mama Namba Sita alilete jambo hilo kwenye kikao, yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Alivyosimulia, hakuna daktari angewashika wazazi namna ile. Wakakubaliana watoto wote waende kupimwa, kwa sababu dawa yake, prazikwanteli, inajulikana na hugawiwa hata mashuleni. Wakanunua pipa la plastiki, likawekwa kwa jirani mwenye bomba karibu na uwanja, watoto wananawa miguu na uso kabla ya kuondoka. Je, wameacha kabisa kwenda ziwani? Hapana, na asiyejua hivyo hajawahi kuwa mtoto wa Mwanza. Lakini sasa mtoto akirudi na nywele mbichi, mama hamtafuti kocha wa kumlaumu. Anamuuliza mtoto.

Jambo lililotujaribu kuliko yote lilikuwa mwaliko wa kwenda kucheza Ukerewe.

Kutoka Mwanza unafika Ukerewe kwa njia mbili. Unaweza kupanda meli moja kwa moja hadi Nansio, au uzunguke kwa barabara kupitia Bunda hadi Kisorya, kisha uvuke kwa kivuko hadi Rugezi. Njia ya pili ina maji machache, lakini ina gharama na uchovu. Nilipoitisha kikao, makocha wenzangu walinitania: wazazi wavuvi wataogopaje maji? Wao ndio waliokuwa hawajui. Anayeogopa ziwa zaidi ni anayelijua.

Na hofu ya vyombo hapa Mwanza ina tarehe. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imebaki kidogo kufika, watu kwa mamia wakafa. Makaburi yao yako Igoma, ukipita na daladala unayaona. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na kufika Ukara, huko huko Ukerewe tulikoalikwa, na waliokufa walizidi 200. Nimezaliwa na watu wanaohesabu miaka kwa kusema "kabla ya Bukoba" na "baada ya Bukoba". Mama Namba Nane alisimama, hakupandisha sauti. "Dada yangu yuko Igoma. Wewe unaniambia chombo ni kizima. Na kile nacho walisema ni kizima."

Mwalimu mstaafu alitaka kueleza jinsi usalama wa meli ulivyoboreshwa. Jirani yake akamvuta shati, akakaa.

Sikupiga kura. Hata leo naamini kura ingetuvunja, kwa sababu wengi wangeshinda na wachache wangetoka pale wakiwa wameambiwa kwamba hofu yao ni ya kijinga. Tulichokubaliana ni kwamba kila nyumba iamue peke yake, na mtoto atakayebaki hapotezi namba yake. Maneno hayo ya mwisho niliyarudia mara nyingi, kwa sababu nilijua ndiyo yatakayokumbukwa. Halafu wale waliokubali wakapanga namna ya kwenda. Mtumbwi wa kukodi ulikataliwa moja kwa moja, ingawa ulikuwa rahisi kuliko nauli za meli. Orodha ya majina iliandikwa nakala mbili, moja ikabaki kwa mjumbe wa mtaa. Wazazi wawili walisafiri nasi kwa gharama ya timu, na mmoja wao alikuwa Baba Namba Kumi, mtu aliyekulia majini. Yeye alipewa mamlaka ambayo mimi sikuwa nayo: akiitazama hali ya hewa asubuhi akasema hatuondoki, hatuondoki, hata kama wenyeji wamekwisha kuchinja mbuzi.

Tulikwenda, tukafungwa, tukarudi. Kipigo chenyewe kilikuwa kizito, tukiache hapo hapo Nansio.

Namba Nane alibaki nyumbani. Jumatatu alikuja mazoezini, nikampa bibu ya kikosi cha kwanza kama kawaida, na mechi iliyofuata akaanza. Mama yake hakusema neno wakati huo. Miezi mingi baadaye, tulipoalikwa Sengerema, nilimkuta wa kwanza kusaini ridhaa. Zamani safari hiyo ilikuwa na kivuko cha Kigongo na Busisi. Tangu Juni 2025 kuna Daraja la J.P. Magufuli, urefu wake kama kilomita 3, na gari linapita juu kwa dakika chache. Alisaini, na yeye mwenyewe akaja. Alikaa upande wa ndani wa gari, akazungumza na jirani yake tangu tunapanda daraja hadi tunashuka, bila kugeuka dirishani. Alipoona namwangalia akasema, "Kocha, wewe angalia watoto."

Fomu za ridhaa zenyewe, kwa wanaoanza: usimpe mtoto apeleke. Zitarudi na saini inayofanana na mwandiko wa mtoto. Na usidhani kila mzazi atasoma. Mweleze kwa mdomo mbele ya mjumbe au jirani, ndipo atie dole gumba au saini.

Habari ya hela nitaisema kwa ufupi kwa sababu dawa yake ni fupi. Mimi sishiki hela. Mweka hazina ni Mama Kipa, anayeuza dagaa kwa magunia Mwaloni na anayehesabu noti bila kuangalia. Kila kikao kinaanza kwa yeye kusoma daftari: kilichoingia, mipira iliyonunuliwa, namba 4 kwa wadogo na namba 5 kwa wakubwa, nauli, malipo ya refa, kilichobaki. Anasoma kwa sauti kwa sababu wengi wana simu za kitochi. Tuna kundi la WhatsApp, lakini silipendi sana. Linawaunganisha wazazi wenye simu kubwa na kuwaacha wale ambao hasa ndio wa kuwapata, na usiku wa manane mtu hutuma sauti ya dakika nne akimlalamikia refa.

Kuhusu namba, tumewatenganisha watoto. Chini ya miaka 13 kila aliyekuja mazoezini wiki hiyo anacheza, hata tukifungwa, na wazazi waliambiwa hivyo kabla ya mechi ya kwanza. Chini ya miaka 15 wanagombania nafasi. Mechi ya Jumamosi inazungumzwa Jumatatu. Mzazi akinifuata baada ya filimbi namsalimia, nampa mkono, nasema Jumatatu. Wazazi wanakaa upande mmoja wa uwanja, benchi la timu upande wa pili. Baba Namba Tatu, aliyekuwa akifundisha timu yangu kwa sauti kuliko yangu, tulimkabidhi ndoo za maji. Bado anapiga kelele. Nimemzoea, na mwanawe pia. Kinachokatazwa ni kumtukana refa na kumkaripia mtoto wa mwenzio. Mengine ni mpira, na mpira wa mchangani usio na kelele sijauona.

Nirudi kwenye jambo zito. Alikuja mtu mmoja mtaani, kavaa vizuri, anajiita wakala. Akamwambia Baba Namba Tisa kwamba kijana wake, ambaye ana miaka 14, amepatiwa majaribio Ulaya. Zinahitajika hela za pasipoti, viza na "usajili". Baba hakuja kwangu kuomba ushauri. Alikuja kunipa habari njema, uso unang'aa, na akataja kama jambo dogo kwamba ameshapata mteja wa injini ya mtumbwi.

Hapo ndipo nilipoona thamani ya zile ziara za kusalimia. Mtu ambaye hujawahi kukaa kwenye kigoda chake, ukimwambia anatapeliwa, atasikia kwamba unamwonea wivu au unataka sehemu yako. Sikulitaja neno utapeli. Nilimwambia, "Baba, kaa, tusome kanuni pamoja, halafu uamue." Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Vighairi vipo vichache, kwa mfano wazazi wakihamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusiana na mpira, na hakuna hata kimoja kinachomhusu mtoto wa mvuvi wa Ilemela anayepelekwa peke yake. Wakala naye anatakiwa awe na leseni ya FIFA, na kwa mtoto anatakiwa apate ridhaa ya maandishi ya mlezi kabla hajaanza kumfuata.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo wazazi wote huuliza. "Na Samatta je?"

Mbwana Samatta, mshambuliaji wa Kitanzania, alizaliwa Desemba 1992. Alicheza hapa nyumbani, akafika Simba, na alipohamia TP Mazembe ya Kongo mwaka 2011 alikuwa ameshatimiza miaka 18. Genk ya Ubelgiji ilimchukua Januari 2016, akiwa mtu mzima mwenye jina Afrika nzima.

"Kwa hiyo akiwa na 14 hakuna aliyemchukua?"

"Hakuna, baba. Alikuwa anacheza kama huyu wako."

Akampigia yule bwana pale pale, akamwomba namba ya leseni. Yule bwana akasema yuko kwenye foleni, atampigia. Injini bado iko kwenye mtumbwi.

Ningependa kusema hadithi iliishia hapo, ila matumaini ya mzazi ni mbishi. Wiki ile ile Baba Namba Tisa alirudi na wazo jipya. Kama Ulaya ni mpaka miaka 18, kwa nini tusimpunguze mtoto umri, awe na 12, ili awe na muda zaidi? Alisema hivyo bila aibu, kwa sababu amewaona wanaofanya hivyo na wanapongezwa. Nikamweleza kwamba tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la mwaka 2009, FIFA hupiga picha ya kifundo cha mkono, pale penye saa, kwa mashine ya MRI kuangalia kama mfupa umekomaa. Nikamweleza na la karibu zaidi: mwalimu wake wa darasa anamjua, cheti cha kuzaliwa cha RITA kipo, na mtoto wa miaka 14 anayecheza na wa miaka 12 atafunga mabao mengi na hatajifunza kitu. Hilo la mwisho ndilo lililomwingia. Ni mvuvi, anajua anayevua kwenye maji ya watoto hapati samaki mkubwa.

Siwalaumu wazazi kwa ndoto hizo, na sipendi makocha wanaozicheka. Pamba Jiji, timu ya hapa Mwanza, ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25 baada ya miaka mingi, na watoto wetu wakaenda uwanja wa Kirumba kuona kwa macho yao kwamba mchezaji wa Ligi Kuu anaweza kuwa wa Mwanza. Ndoto ya umbali huo naifanyia kazi na wazazi. Iko mtaani kwao, ina nauli ya daladala, na haiuzi injini.

Shule inatuchukulia watoto wa darasa la saba kila mwaka mtihani wa taifa unapokaribia, na nimekubaliana na wazazi kwamba wanaacha mazoezi ya katikati ya wiki, wanabaki na siku moja. Zamani wazazi walikuwa wanawaficha, mtoto anaumwa malaria wiki nane mfululizo. Sasa wanasema ukweli, nami napanga kikosi nikijua.

Lililo mezani kwa sasa ni la Jumamosi. Nyumba ya Baba Kipa ni Wasabato, na huku kandokando ya ziwa Wasabato ni wengi. Kuanzia jua kuzama Ijumaa hadi jua kuzama Jumamosi hawagusi mpira, wala Mama Kipa hafungui daftari la hela. Walinieleza siku ya kwanza nilipokwenda kusalimia, kwa upole, na nikaandika. Shida ni kwamba bonanza nyingi za watoto zinapangwa Jumamosi. Nimezungumza na waandaaji. Wengine wamehamishia Jumapili mchana, baada ya misa, wengine wamesema ratiba ni ratiba. Kwa hiyo tunalea makipa wawili, mmoja wa Jumamosi na mmoja wa siku nyingine zote, na tulikubaliana hivyo na nyumba zote mbili. Mpango ulitulia vizuri hadi juzi, mama wa yule kipa wa pili aliponisimamisha sokoni na kuniuliza, mbele ya wateja wake, kwa nini mwanawe anadaka Jumamosi tu. Nimemwambia Jumatatu.